Makaratasi Yangoje, Lugha Isingoje

Jirani yangu hapa Kayole, Nairobi, ni fundi wa kushona. Cherehani yake huiweka kibarazani, na jioni nikitoka kazini napita pale tunajuliana hali. Mimi ni mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Siku nyingi niko mahakamani, hospitalini au kwenye mikutano ya wazazi shuleni, nikiwasaidia viziwi na wanaosikia kuelewana. Tulijuana kwa sababu kifungua mimba wake ni kiziwi. Mvulana huyo alifika miaka minne hajui kumwita mama yake kwa mdomo wala kwa mkono, na mimi ndiye niliyekaa nao sebuleni miezi kadhaa tukianza na maji, chai, lala, njoo. Tangu hapo mama huyu ananiita Mwalimu.

Alhamisi moja alinisimamisha. "Mwalimu, kesho kutwa tunaenda Busia kuchukua mtoto."

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wa shangazi yake, msichana wa miaka miwili hivi. Mama yake amefariki, baba hakuwahi kujitokeza tangu ujauzito, na nyanya anayemlea amezeeka na miguu inamsumbua. Mtoto hasikii. Wazee walikaa, wakauchambua ukoo mzima, wakasema apewe yule wa Nairobi kwa kuwa nyumba yake inajua kuongea kwa mikono. Mpango ulikuwa wapande basi la usiku, walale kwa shangazi siku mbili, mtoto afungwe mgongoni kwa leso, warudi naye.

Nilimwambia, "Dada, keti kwanza." Mambo niliyomweleza jioni ile, pamoja na mengi tuliyojifunza baadaye tukiwa njiani, ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake. Kuna familia nyingi za Nairobi zenye ndugu ng'ambo ya mpaka, na si ajabu mtoto kiziwi akaachwa mikononi mwa nyanya.

Busia ni mji uliokaa pande zote mbili za mpaka, na kwa shangazi ni upande wa Uganda. Kutoka upande wa Kenya, unafika kabla hujamaliza kutafuna mua mmoja. Watu wa kabila la Wasamia wako huku na wako kule, wanaoana na kuzikana, na wengi wao mpaka wanauona tu pale kituoni penye maafisa. Hata historia inawaunga mkono: hadi mwaka 1902 sehemu hii yote ya magharibi ya Kenya ilikuwa jimbo la mashariki la Uganda, kisha Waingereza wakaihamishia upande wa pili. Kwa hiyo wazee walipokuwa wakiamua, machoni pao mtoto alikuwa anatoka nyumba moja ya ukoo kwenda nyingine. Lakini mtoto huyu ni raia wa Uganda, na wanaotaka kumchukua ni raia wa Kenya. Mbele ya sheria, hilo ni jambo la nchi mbili, sawa na familia iliyopanda ndege kwenda bara jingine.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya kulea na kuasili. Kulea tunakujua sote. Nani kati yetu hakulelewa kwa muda na shangazi au mama mdogo? Mtoto anabaki na jina lake, wazazi wake wanabaki wazazi wake, na siku yoyote anaweza kurudi. Kuasili ni jambo jingine kabisa. Ni amri ya mahakama inayomfanya mtoto awe wako kana kwamba umemzaa: anarithi, anabeba jina lako ukitaka, na wewe ndiwe unayetia sahihi hospitalini anapohitaji upasuaji. Wajibu na haki za kisheria za wazazi wa kwanza hukoma. Wazee wengi wakisikia hivyo hushtuka, wakidhani damu inakanwa. Damu haikanwi. Shangazi anabaki nyanya, na nimeona si vibaya hilo likasemwa wazi kwenye kikao, mbele ya kila mtu, kabla ya karatasi yoyote kujazwa.

Ndani ya nchi moja, kulea bila karatasi huweza kupita miaka bila tatizo. Kuvusha mpaka mtoto asiye wako bila karatasi ni hatari, na hatari yenyewe inamwangukia mtoto kwanza. Kenya ina sheria kali dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2010, na afisa wa mpakani anayemwona mtu mzima na mtoto asiye na cheti ana wajibu wa kuuliza. Fikiria sasa mtoto asiyesikia. Afisa anamuuliza, "Huyu ni nani yako?" Mtoto anamtazama tu. Wenzake wanaosikia wangeweza kusema "ni mama mdogo" au kulia jina la mtu. Huyu hana la kumtetea, wala la kumshtaki mtu akiibwa. Ndiyo maana kwa mtoto kiziwi mimi naona karatasi ni ulinzi zaidi kuliko usumbufu.

Sheria inayotawala safari hii ni ya nchi ya mtoto. Uganda iliirekebisha Sheria yake ya Watoto mwaka 2016. Kwa mgeni, yaani mtu asiye raia wa Uganda, kuasili kunaruhusiwa katika hali za kipekee, na masharti yake yanaeleweka ukiyasoma polepole. Awe ameishi Uganda angalau mwaka mmoja. Awe amemlea mtoto huyo kwa angalau mwaka mmoja chini ya usimamizi wa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya uhalifu. Awe na barua kutoka mamlaka husika ya nchi yake inayosema anafaa kuasili. Na aishawishi mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Mwombaji, au angalau mmoja wao wakiwa mume na mke, awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mke au mume anaweza kuomba peke yake mradi mwenzake akubali. Kesi husikilizwa Mahakama Kuu.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Wageni walikuwa wakienda mahakamani kuomba amri ya ulezi wa kisheria tu, bila kuasili, kisha wanaondoka na mtoto nchini na kwenda kumalizia mambo kwao. Marekebisho ya 2016 yaliifunga njia hiyo. Amri ya ulezi sasa ni ya raia wa Uganda. Wapo mawakala watakaokuambia bado inawezekana "ukijua mtu". Usiwasikilize, hata kama anayekuambia ni ndugu wa mbali mwenye nia njema.

Jirani yangu aliposikia mwaka mzima aliinamisha kichwa. Ni kweli sheria inampa jaji nafasi ya kulegeza sharti katika hali za kipekee, na undugu wa damu pamoja na ulemavu wa mtoto ni mambo ambayo wakili anaweza kuyaweka mbele yake. Lakini kulegezewa ni jambo la kuomba, si la kupangia safari. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Cherehani inabebeka."

Wiki tatu baadaye alikodi chumba kimoja upande ule wa Busia, akajitambulisha kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC) na kwa afisa wa probesheni, akaanza kushona sare za shule na kulea. Yeye ndiye mwombaji. Mumewe, ambaye kazi yake ni ya zamu na haiachiki, alitoa idhini yake kwa maandishi na huenda kila apatapo likizo. Mvulana wao yuko shule ya bweni ya viziwi, na likizo zote huzimalizia Busia. Sisemi kila familia inaweza kufanya hivi. Nyingi haziwezi, na si kwa kukosa upendo.

Watu huuliza kwa nini nchi zimekuwa ngumu hivi wakati watoto ni wengi. Jibu liko kwenye yaliyotokea. Kwa miaka mingi watoto walihama kutoka nchi maskini kwenda nchi tajiri kwa maelfu. Mwaka 2004 Marekani peke yake ilipokea zaidi ya watoto 22,000 walioasiliwa kutoka nje. Pale pesa zilipoingia, karatasi za uongo nazo ziliingia. Mtoto mwenye mama aliandikwa yatima. Wazazi waliambiwa mwanao anakwenda kusoma na atarudi. Mkataba wa kimataifa wa Hague kuhusu kuasili watoto, wa mwaka 1993, ulitungwa kuzuia hayo, na msingi wake ni kwamba mtoto atafutiwe kwanza familia yake, kisha familia ya nchini mwake, na nje ya nchi iwe mwisho. Kenya ilijiunga nao mwaka 2007. Hata hivyo Novemba 2014 baraza la mawaziri la Kenya lilisimamisha wageni kuasili watoto wetu. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018. China, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya watoto 160,000 walikuwa wamekwenda nje, wengi wa miaka ya mwisho wakiwa na ulemavu au maradhi, ilifunga mlango mwaka 2024. Mwaka 2025 tume ya ukweli ya Korea Kusini ilithibitisha kwamba watoto wa nchi hiyo walipelekwa ng'ambo kwa rekodi zilizoghushiwa. Nikiyajua hayo, siwezi kumlaumu afisa wa probesheni anayeuliza maswali kumi pale ambapo mimi ningeuliza mawili.

Lakini kuna upande ambao sheria hizi haziuoni vizuri, na huo ndio ulionifanya nimwambie jirani yangu aketi.

Kuna kalenda ya mahakama na kuna kalenda ya ubongo wa mtoto, na hazisomeki pamoja. Lugha ya kwanza hujengwa katika miaka ya mwanzo ya maisha, takriban mitano. Mtoto anayesikia huipokea bure, hata akiwa amelala mgongoni mama anaposengenya na majirani. Mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi viziwi huipokea bure pia, kwa macho. Mwaka 1991 watafiti wa Montreal, Canada, walionyesha kwamba watoto wachanga viziwi walio na wazazi wanaotumia ishara hubwabwaja kwa vidole, kwa mpangilio ule ule ambao wengine hubwabwaja "bababa" kwa mdomo. Ubongo haujali kama lugha inaingilia sikioni au machoni. Unachotaka ni lugha iliyokamilika, ije mapema, itoke kwa watu wanaompenda.

Tatizo ni kwamba watoto wengi viziwi hawazaliwi na viziwi. Huko Marekani, ambako jambo hili limehesabiwa, zaidi ya asilimia 90 wana wazazi wanaosikia. Mtoto wa namna hiyo anakaa katikati ya nyumba iliyojaa maneno na hafikiwi na hata moja. Mwaka wa kwanza watu wanasema "ni mpole". Wa pili wanasema "hata baba yake alichelewa kuongea". Wa tatu anapelekwa kuombewa au kukatwa utando wa chini ya ulimi kwa madai kwamba ulimi umeshikana. Wa nne ndipo anapimwa. Nimewaona vijana wa miaka kumi na sita walioletwa mahakamani kama mashahidi, wenye akili timamu, macho maangavu, ambao nikiwauliza "jana ulikuwa wapi" hawawezi kunijibu kwa sababu hawakuwahi kupewa lugha ya kuwekea jana. Kufasiri kwa mtu kama huyo ni kazi inayonirudisha nyumbani nikiwa sina nguvu ya kula. Hakuna shule inayomrudishia yote aliyoyakosa.

Kwa hiyo miaka miwili ya msichana wa Busia ilikuwa tayari imekwenda. Kama tungengoja amri itoke, uraia upatikane, tupate shule Nairobi, ndipo tuanze kumfundisha, angekaribia miaka minne. Nilimwambia jirani yangu: makaratasi yangoje, lugha isingoje. Anza kuongea naye siku ile ile utakayoweka begi chini.

Na hapo ndipo nilipobadili mawazo kuhusu ule mwaka wa kulea. Tulikuwa tumeuona kama ukuta. Kumbe kwa mtoto asiyesikia, mwaka wa kulelewa na mama anayejua ishara, katika mazingira anayoyajua, na nyanya akiwa hapo hapo, ni mwaka wa lugha. Hauendi bure hata siku moja kama mikono inafanya kazi. Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo. Baadhi wakawekwa kwenye familia za malezi. Waliofika kwenye familia kabla ya miaka miwili ndio waliopata nafuu zaidi katika ukuaji wao. Familia ya malezi si chumba cha kungojea.

Swali la kwanza aliloniuliza akiwa huko lilikuwa zuri. Je, amfundishe ishara za Kenya au za Uganda? Watu hudhani lugha ya ishara ni moja dunia nzima. Sivyo. Lugha ya Ishara ya Uganda na ya Kenya zina msamiati wake na zimekua na jamii zake. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya ishara mapema kuliko nchi nyingi, na Katiba yetu ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Jibu langu lilikuwa: tumia ile unayoijua vizuri, yaani ya Kenya, kwa sababu ndiyo atakayoishi nayo na kaka yake. Ila ukimpata kiziwi mtu mzima hapo Busia, mkaribishe chai, na umwache aongee na mtoto kwa ishara zake. Ishara mbili hazimharibu mtoto, kama vile Kisamia na Kiswahili havikukuharibu wewe. Mtoto mwenye lugha ya kwanza iliyo imara hujifunza ya pili juu yake. Anayeangamia ni yule asiye na hata moja.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Mtoto alikuwa na ishara zake tayari. Yeye na nyanya walikuwa wamezitunga wenyewe, bila kufundishwa na mtu: vidole viwili midomoni ni uji, kiganja usoni ni jua kali ingia ndani, ngumi mbili zikisuguana ni kuku. Hizo tunaziita ishara za nyumbani. Si lugha kamili, kwa kuwa hazina watu wa kutosha wala sarufi ya kutosha, lakini ni ushahidi kwamba huyu nyanya, ambaye hakusoma na miguu inamuuma, hakumwacha mtoto peke yake. Nilimwomba jirani yangu asizifute. Mtoto akionyesha uji kwa njia ya nyanya, umwitikie, umpe uji, kisha umwonyeshe na ishara yetu. Baada ya wiki chache atazitumia zote, na baadaye ataiweka kando moja mwenyewe.

Kuna mambo madogo ambayo anayesikia hayajui mpaka ayaone. Mtoto kiziwi hawezi kutazama kitabu na kukusikiliza kwa wakati mmoja. Macho yake ndiyo masikio. Kwa hiyo unaonyesha picha, unangoja akuangalie, ndipo unaongea, kisha mnarudi kwenye picha. Wazazi wenye haraka huongea mtoto akiwa ameinamisha kichwa, halafu wanasema hashiki. Kaa penye mwanga uso wako uonekane, usimgeuzie mgongo wala usikae dirisha likiwa nyuma yako. Usimshtue kwa kumshika kutoka nyuma. Gusa bega, au kanyaga sakafu asikie mtetemo. Usiku usizime taa yote. Kwetu giza ni giza tu, lakini kwake giza ni pamoja na ukimya, na watu wote wametoweka kwa mara moja.

Na hilo la watu kutoweka ndilo zito kuliko yote katika safari ya namna hii. Mtoto wa miaka miwili anayesikia akihamishwa huambiwa mara mia: tunaenda kwa mama, nyanya atakuja, utalala kwenye kitanda chekundu. Haelewi yote, lakini sauti inamwandaa. Mtoto kiziwi asiye na lugha anaona siku moja amebebwa, basi limeondoka, na nyanya hayupo tena. Hakuna aliyemweleza kwa sababu hakuna aliyejua namna. Baadaye analia usiku, anapiga, anakataa kula, na watu wanasema mtoto ana pepo.

Tulilifanyia kazi hili kwa picha. Mume alipiga picha za ploti yao ya Kayole: geti, ngazi, mlango wa bluu, kitanda, yeye mwenyewe akiwa na aproni ya kazini, kaka akiwa na sare, paka wa jirani. Zikachapishwa na kufungwa kama kitabu kidogo. Kila jioni mtoto anakifungua na kuonyeshwa ishara ya kila kimoja. Picha za nyanya ziko humo pia, mwanzo na mwisho, ili aone kwamba nyanya habaki kwenye kitabu kingine.

Kuhusu sikio lenyewe nitasema kwa ufupi, ingawa ndugu hulianzia hapo. Kabla ya uamuzi wowote wa vifaa, mtoto apimwe kitaalamu, si kwa kupigiwa sufuria nyuma ya kichwa. Kuna kipimo cha kuingiza kifaa kidogo sikioni ambacho hupokea mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani, na kingine cha kubandika nyaya ndogo kichwani mtoto akiwa amelala, kinachoonyesha kama ubongo unapokea sauti. Vyote havina maumivu na havihitaji mtoto ajibu. Yeye alipimwa Kampala, na majibu yalionyesha upotevu mkubwa wa kusikia masikio yote mawili.

Uliza pia sababu, kwa kuwa sababu hubadilisha haraka ya mambo. Wengine huzaliwa hivyo kwa urithi. Wengine ni rubela ya mama mjamzito, manjano kali ya kuzaliwa, surua, matumbwitumbwi, au sindano za antibiotiki ya jentamaisini zilizozidi. Kama ni homa ya uti wa mgongo, mwone mtaalamu upesi, maana baada ya ugonjwa huo sikio la ndani linaweza kujaa mfupa kwa muda mfupi na kuzuia kabisa kipandikizi cha koklea. Kipandikizi hicho ni uzi wa umeme unaoingizwa sikioni kwa upasuaji, pamoja na kifaa cha nje chenye betri. Kinasaidia zaidi kikiwekwa mapema, lakini ni ghali mno, huvunjika, huhitaji kurekebishwa mara kwa mara na miaka ya mazoezi ya kusikiliza. Familia ikiweza na ikitaka, sawa. Nisichokubali ni mtu kumnyima mtoto ishara akingoja kifaa. Betri zikiisha Jumapili usiku mtoto bado ni kiziwi, na bado ana jambo la kusema.

Amri ya mahakama ikitoka, Kenya ina mlango wake. Kifungu cha 15 cha Katiba kinasema mtoto asiye raia akiasiliwa na raia wa Kenya ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiombewa. Neno la kukumbuka ni "akiombewa": uraia hauji wenyewe, na hadi hapo mtoto anasafiri na hati za Uganda pamoja na nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama. Akishakuwa hapa, aandikishwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na apelekwe kwenye kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti kinachoamua shule ya kumfaa. Usingoje afike umri wa shule. Vituo hivi huona watoto wadogo pia.

Kwa msomaji asiye na ndugu ng'ambo lakini ameguswa: kwa kuwa wageni hawaasili watoto wetu tena, mtoto kiziwi aliye kwenye makao ya watoto ya Nairobi leo anategemea Wakenya. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto awe na angalau wiki sita na atangazwe kuwa huru kuasiliwa, mwombaji akae naye miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi, na kesi inasikilizwa faraghani Mahakama Kuu, kwa hapa Nairobi ni Milimani. Sheria hiyo inatambua pia kuasili kwa jamaa, na inatambua kafala, yaani kumlea mtoto bila kumuasili, kwa Waislamu, ambao dini yao huelekeza mtoto abaki na ukoo wake. Ninachowaomba wanaofika kuuliza ni wasimwambie afisa "tunataka mzima". Wakae na mtoto kiziwi saa moja, sakafuni, wakimtazama usoni.

Nimemtembelea jirani yangu Busia mara mbili. Mara ya pili, mwezi wa tisa wa malezi, nilimkuta mtoto amesimama mbele ya nyanya yake aliyekaa kwenye kigoda, anamfundisha ishara ya chai. Nyanya alikuwa akikosea mkono wa kushoto, na mtoto alikuwa akiushika na kuurekebisha, tena na tena, bila kuchoka.

Kisha nikauliza jina la ishara la mtoto, kwa maana sisi tulio na viziwi kila mtu hupewa lake, na nilidhani kaka yake ndiye aliyempa. Jirani yangu akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole kwa nyanya. Nyanya akagusa kishimo cha shavu lake la kulia, mara mbili. Ndivyo alivyokuwa akimwita tangu anaanza kutambaa. Wakili ameshauliza jina litakaloandikwa kwenye ombi la mahakama, na hilo bado linazungumzwa. Hili la shavuni lilikwisha kuamuliwa; kaka yake analitumia, mume wa jirani yangu analitumia kwenye simu ya video, na mimi nilipoaga nililitumia, naye akageuka.